Nakala Nane za Barua ya Kuacha Sigara

Inasemwa hapa Endagikot, na maneno yamefika hadi Mbulu mjini, kwamba niliacha sigara kwa sababu binti yangu alinifokea. Maelezo hayo si sahihi. Binti yangu hajawahi kunifokea. Alinipigia simu, akaniamkia shikamoo, akasubiri niitikie marahaba, akauliza hali ya ng'ombe na ya mvua, na baada ya hapo ndipo aliponipiga marufuku kufika nyumbani kwake. Utaratibu wote wa heshima ulizingatiwa. Naandika ili jambo hili likae kama lilivyotokea, kwa kuwa nimechoka kusimuliwa maisha yangu na watu ambao hawajawahi kufungua hata jalada moja.

Nilivuta sigara kwa miaka thelathini na minane. Nilianza nikiwa karani kijana wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Mbulu. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mvutaji, na hakuna aliyemwambia atoke nje, kwa sababu nje kulikuwa na ukungu, na wakati ule ukungu ndio uliohesabiwa kuwa adui wa kifua. Kila meza ilikuwa na kisahani cha majivu, na kila kisahani kilikuwa na namba ya mali ya serikali iliyoandikwa chini yake kwa rangi nyeupe. Mtumishi aliyehamishwa hakuondoka bila kukabidhi kisahani chake kwa maandishi. Mimi nilipewa changu siku mbili kabla ya kupewa kiti. Kwa hiyo wale wanaoniuliza nani alinifundisha tabia hii, nawajibu kwamba sikufundishwa. Nilikabidhiwa.

Miaka mingi baadaye ukaja waraka wa kukataza uvutaji ofisini. Tangazo la mlangoni nililipiga chapa mimi mwenyewe, sigara ikiwa mdomoni, na majivu yakadondokea nakala ya tatu. Niliirudia nakala hiyo, maana tangazo la serikali halipaswi kuwa na doa. Tangu siku hiyo wavutaji tulihamia nyuma ya jengo, penye tangi la maji, na ukweli lazima usemwe: mambo mengi zaidi ya wilaya yalipata ufumbuzi pale kwenye tangi kuliko ukumbini. Ukumbini watu walisubiri chai.

Nilistaafu kwa barua nzuri, nikarudi shambani Endagikot pamoja na mke wangu, ng'ombe wanne, na sigara zangu. Hakuna aliyelalamika. Kisha binti yetu wa pekee, muuguzi aliyeolewa Katesh katika ukoo wa wafugaji wa nyanda za Hanang, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi kutimia. Mtoto alizaliwa mdogo kama kifaranga, na kifua chake, tukaambiwa, kilikuwa chepesi. Mke wangu aliondoka siku ileile kwenda kumlea mzazi, kama ada inavyotaka, akaniachia ng'ombe na sufuria ya maharage. Mimi nilikuwa najiandaa kumfuata wiki inayofuata. Ndipo ilipokuja ile simu.

"Baba, usije kwanza," alisema. "Mtoto hawezi moshi."

"Nitavutia nje."

"Baba, moshi unakaa kwenye nguo, unakaa kwenye nywele. Ukimpakata anauvuta. Mimi nawaona wodini watoto wa namna hii."

"Mwanangu, mimi ni babu yake."

"Ndiyo maana nakuomba. Siku tisini bila sigara, halafu uje umpakate mpaka uchoke."

Nilimwambia kwamba agizo la mdomo halina uzito, aniandikie. Baada ya dakika chache simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Baba siku 90 bila sigara. Ukivuta hata moja unaanza upya. Mtoto ana kifua. Tunakupenda." Niliunakili kwa mkono na kuuweka kwenye jalada jipya, isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo sikujua niiweke katika jalada gani.

Sitaki kuficha kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimepanga safari za wakuu, nimetunza siri za ofisi, na sasa nilikuwa nazuiwa mlangoni na mtu niliyemlipia ada ya shule. Lakini kilichoniumiza zaidi kililetwa na mke wangu kwa simu, bila nia mbaya, Jumapili iliyofuata.

"Mtoto anaendelea," alisema. "Leo amelala mikononi mwa babu yake wa huku tangu asubuhi."

Babu wa huko, baba wa mkwe wetu, ni mzee wa ng'ombe na wa mashuka mekundu, na ni mnusaji wa ugoro asiye na mfano. Ugoro wake husagwa na magadi ya ziwa la Balangida, na ukifunguliwa, mbuzi wa jirani huinua vichwa.

"Huyo mtu wa ugoro?" niliuliza. "Huyo ndiye anayeruhusiwa?"

"Ugoro hauna moshi, mume wangu."

"Una nini basi?"

Mke wangu alifikiri. "Una chafya tu."

Nilikata simu. Tumbaku moja, mmea mmoja, babu wawili. Mmoja anapakata mtoto kwa sababu tumbaku yake inapitia puani, mwingine anafungiwa nje. Katika utumishi wangu wote sikuona kanuni yenye upendeleo kama hiyo. Niliamua kuitii kwa namna itakayomwaibisha aliyeitunga. Niliketi mezani, nikaandika barua.

Kichwa cha habari kilisema: KUSITISHA MATUMIZI YA TUMBAKU YA AINA ZOTE. Niliandika "aina zote" kwa makusudi, ili ionekane kwamba mimi sihitaji upenyo wa puani. Nilitaja tarehe ya kuanza, nikataja sababu kuwa ni afya ya mjukuu wangu, nikasaini. Na kwa kuwa barua isiyo na nakala ni mnong'ono tu, nilitoa nakala nane: kwa mke wangu, kwa binti yangu, kwa paroko, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kata, kwa wenye maduka wawili wa hapa kijijini, na ya nane kwenye jalada. Mbili za Katesh nilizituma kwa basi, nyingine nilizipeleka kwa mkono, na kila mmoja akasaini kupokea.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mwingine yeyote angeacha sigara kimyakimya, akashindwa kimyakimya, akaanza tena bila kujulikana hata kwa mbwa wake. Mimi nilikuwa nimeigeuza sigara yangu kuwa mali ya umma.

Siku ya nne nilikwenda kwenye duka la jirani. Mwenye duka ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe pakiti moja. Ni ya mgeni."

Hakunyanyuka. Alielekeza kidole ukutani. Barua yangu ilikuwa imebandikwa kati ya kalenda na picha ya mchezaji mpira.

"Mzee, hapa umesaini mwenyewe."

"Nimesaini. Na aliyesaini anaweza kutengua."

"Sawa kabisa. Lete barua ya kutengua, mzee. Na nakala kwa padri."

Duka la pili halikuwa na nafuu. La kwanza lilikuwa limeshapiga simu. Jumapili hiyo, katika maombi ya waamini, katekista aliwaombea wagonjwa, wasafiri na mvua, kisha akafumba macho kwa nguvu na kusema, "Tuwaombee pia walevi, wachawi, na mzee wetu wa sigara." Kanisa zima likaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa sauti ambayo siku nyingine huwa hawaitoi. Baada ya misa nilimweleza katekista kwamba sipaswi kuorodheshwa pamoja na wachawi. Akasema aliniweka mwisho kwa heshima.

Tiba nazo zilimiminika. Akina mama wa jumuiya walileta chai ya majani machungu ambayo ng'ombe wangu mmoja aliionja akaondoka. Mstaafu mwenzangu alinishauri nibadilishe sigara kwa pombe ya kienyeji, jambo alilosema lilimsaidia sana, na alisema hayo akiwa ameshika ukuta. Mimi nilitafuna kalamu. Kila hamu ilipokuja niliweka kalamu mdomoni pale palipozoea sigara, na katika muda wa mwezi mmoja niliharibu kalamu zaidi ya zile nilizotumia katika mwaka wangu wa mwisho kazini.

Nilikuwa na daftari pia, lenye safu tatu: siku, hali, na sababu. Sikuandika uongo ndani yake, na kwa hiyo limebaki kuwa waraka wa aibu. Siku ya tisa inasomeka: "Sigara moja, saa nne asubuhi, zizini. Sababu: ukungu." Nilikuwa na pakiti niliyoisahau kwa makusudi juu ya paa la zizi. Nikaanza moja. Siku ya kumi na mbili ya hesabu mpya: "Sigara mbili. Sababu: ng'ombe mwekundu kukataa kusimama." Nikaanza moja. Siku ya sita baada ya hapo: "Sigara moja. Sababu: mkutano wa kijiji kuchelewa kuanza." Nikiisoma safu ya sababu sasa, naiona sauti ileile ya taarifa tulizokuwa tukizipokea masjala kutoka kwa watu ambao hawakufanya kazi: hali ya hewa, mifugo na mikutano.

Kila mara nilimpigia binti yangu mwenyewe kumtaarifu, kwa kuwa nilitoa nakala na nilipaswa kutoa mrejesho. Kila mara aliniamkia, akanisikiliza, akasema, "Haya baba, tuanze tena." Sauti za mtoto nilizisikia nyuma yake. Alikuwa anakua bila mimi. Mke wangu aliporudi kuangalia shamba alisema mtoto ameanza kucheka, na anacheka zaidi babu yake wa huko anapopiga chafya.

Anguko la mwisho lilitokea siku ya arobaini na moja, sokoni Mbulu. Nilikuwa nimekwenda kuuza vitunguu saumu. Mama mmoja alikuwa na meza ya pipi, betri na sigara za mojamoja. Hakunijua. Aliniamkia vizuri, akanipa sigara na kiberiti. Nilisimama nyuma ya ukuta wa choo cha soko, mahali pasipomfaa mtu wa cheo changu cha zamani, nikaiwasha. Sikuwa nimeivuta mara mbili simu ilipolia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Uko wapi?"

"Sokoni."

"Bodaboda aliyekuleta kakuona ukinunua, kamwambia mama. Baba, umeiwasha?"

Nilimweleza kwamba kuna tofauti kati ya kununua, kuwasha na kuvuta, na kwamba tendo lililokatizwa haliwezi kuhesabiwa kama tendo lililokamilika.

"Baba. Umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

Nilitegemea aseme tuanze tena. Badala yake alisema polepole, "Jana usiku tulimpeleka hospitali, kifua kilimbana. Leo yuko nyumbani, ni mzima. Nilitaka tu ujue nakungoja, baba. Si kwamba nakukomesha."

Niliitupa ile sigara kwenye tope. Katika daftari, chini ya safu ya sababu, siku hiyo sikuandika kitu. Ni nafasi pekee iliyo wazi katika daftari zima, na baada yake kuna siku tisini zilizofuatana.

Sitazielezea. Zilikuwa mbaya. Nilikohoa kuliko nilipokuwa navuta, nikagombana na mwenyekiti wa kitongoji kuhusu mpaka usio na mgogoro, nikafuta urafiki na mstaafu mwenzangu na kuurejesha.

Nilifika Katesh siku ya tisini na moja, asubuhi, upepo ukishuka kutoka mlimani. Koti langu la kazini lilikuwa limefuliwa mara tatu. Binti yangu alitoka mlangoni, akapiga goti kidogo kuniamkia, akanikumbatia, kisha nikamwona akivuta hewa puani kwenye bega langu.

"Baba, lete koti."

"Limefuliwa."

"Limefuliwa, lakini bado linakumbuka."

Akalitundika kwenye ua wa miiba, nje kabisa, penye kuku. Nikabaki na shati katika baridi ile, mtu wa umri wangu, nikisubiri ruhusa ya kuingia. Lakini hata hapo haikuwa rahisi, kwa maana siku hiyo wazee wa ukoo wa mkwe walikuwa wamekusanyika uani kumbariki mtoto, na babu mwenzangu alikuwa ameshaniona.

"Mkwe! Umefika. Kaa hapa."

Niliketi karibu naye kwenye kigoda. Alinitazama akacheka.

"Walisema umefungwa nje kama fisi."

"Nilikuwa natekeleza agizo."

"Moshi wako una kelele, mkwe. Unatangulia mlangoni. Ugoro wangu umekaa kimya." Akagonga pua yake, wazee wakacheka. Kisha akafungua kopo lake, akamimina ugoro katika kiganja chake na kuninyooshea mbele ya wote.

Kwa wazee wa pale, ugoro hutangulia maneno. Anayeupokea amekubali kukaa. Anayeukataa amewaambia wenyeji kwamba hana haja na nyumba yao, wala na mtoto aliyemo. Wazee walisubiri. Mlangoni binti yangu alikuwa amesimama, mtoto begani, naye alikuwa ananitazama mimi, si ugoro. Ugoro hauna moshi. Kwa kanuni yake mwenyewe ningeweza kunusa na bado nikampakata. Ni barua yangu tu iliyosema aina zote.

Niliitoa mfukoni mwa suruali nakala ya nane, nikasimama, nikaisoma yote kwa sauti, pamoja na orodha ya waliopelekewa. Wazee wengi pale hawasomi, na waliisikiliza kama watu wanavyosikiliza jambo zito, vichwa chini.

"Hao wote walisikia?" babu mwenzangu aliuliza.

"Walisaini kupokea."

"Na padri?"

"Na padri."

"Na ulisema ni kwa ajili ya huyu?" Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Nimeandika hivyo, aya ya pili."

Aliurudisha mkono wake haraka kama mtu aliyegusa kaa la moto. Ugoro ukamwagika kwenye shuka.

"Mkwe, ungesema mlangoni! Umeapa juu ya mtoto halafu unaniacha nikunyooshee ugoro? Ukivunja kiapo hicho hakikupati wewe. Kinampata yeye."

Nilitaka kumfahamisha kwamba barua si kiapo, ni tamko tu, na kwamba hivyo viwili havifanani. Nilifungua mdomo. Nikamwona binti yangu mlangoni, nikaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha waraka wangu utafsiriwe visivyo mbele yangu.

Babu mwenzangu alipangusa shuka, kisha kwa uso wa mtu anayezika ndugu, akalifunga kopo lake.

"Basi na mimi siwezi leo. Tutambariki wawili. Ukiwa mtupu wewe na mimi nimejaa ugoro, baraka itachechemea."

Nakiri kwamba nilifurahi isivyofaa. Kile ambacho malalamiko yangu yote hayakukipata, yaani usawa wa mababu mbele ya kanuni, kilipatikana kwa sababu mzee yule aliiheshimu barua yangu kuliko nilivyoiheshimu mimi nilipokuwa nyuma ya choo cha soko. Wakati wazee wengine wanazungumza juu ya malisho, yeye alianza kukuna shingo, akamfokea jogoo, akaniuliza mara mbili ni saa ngapi. Nilimpa kalamu.

"Ya nini hii?"

"Tafuna."

Akaitafuna. Akasema haina ladha. Nikamwambia ataizoea.

Wakati ulipofika, wazee walisimama, maneno ya baraka yakatamkwa kwa lugha yao, maziwa yakanyunyizwa, nami nikaongeza "Amina" yangu kwa sauti ya chini ili isichanganye utaratibu. Kisha binti yangu akatembea hadi nilipoketi na kumweka mtoto mikononi mwangu. Hakuwa mdogo tena kama kifaranga. Alikuwa mzito, wa joto, na alinitazama kama anayekagua sahihi. Niliinamisha sikio kifuani pake. Pumzi yake ilikuwa na filimbi ndogo ndani, nyembamba sana. Filimbi hiyo naifahamu. Naisikia kila asubuhi nikiamka, ila yangu ni ya mtu aliyejitafutia.

Hapo kikohozi kikanijia, kile kikubwa cha wavutaji, kutoka chini kabisa. Sikuweza kukohoa juu ya uso ule. Nilikizuia. Nilibana midomo, nikabana kifua, machozi yakaanza kunitoka. Wazee walipoona wakaambiana kwa upole kwamba mkwe wa milimani analia, na babu mwenzangu akanishika goti na kalamu ikiwa bado mdomoni. Nilikivumilia kadiri nilivyoweza. Kisha nikainuka, nikamrudishia binti yangu mtoto kabla hajaomba, nikatoka hadi nyuma ya ua, nikainama, nikakohoa mpaka kuku wakatawanyika.

Niliponyanyua kichwa binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mtoto alikuwa amemwachia mke wangu, aliyetangulia kufika. Aliweka kiganja mgongoni pangu, chini ya bega, kama wanavyofanya wodini.

"Vuta pumzi, baba."

Nikavuta.

"Tena."

Nikavuta tena. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Hakunieleza alichosikia, na safari hii sikutaka kiandikwe.

"Maji ya kunawa yako pale kwenye ndoo," alisema. "Kikohozi kikiisha, nawa mikono na uso, urudi ndani. Bado hajalala."